Maji ya Moto Hayachomi Nyumba

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Walikuwa wakimsema mtu anayetisha bila kuwa na uwezo: atachemka, atafoka, atatoa mvuke, na mwisho wa siku paa la makuti litabaki palepale. Sina ugomvi na wahenga. Lakini uko mji mmoja, kusini kidogo tu ya Mzunguko wa Aktiki, ambao uliishi na maji ya moto kwa karne nyingi kabla ya kufikiria upande wa pili wa methali hiyo: maji ambayo hayawezi kuichoma nyumba yanaweza kuipasha joto.

Mji huo ni Reykjavík, makao makuu ya Aisilandi. Leo, karibu nyumba tisa kati ya kila kumi nchini humo hupata joto lake kutoka ardhini. Hakuna jiko la makaa ya mawe, hakuna pipa la mafuta uani, hakuna bomba la moshi juu ya paa. Maji huchimbwa yakiwa ya moto, husafiri kwa mabomba, huingia katika vyuma vya ukutani, chumba kinapata joto, kisha maji yanakwenda zake. Katika mikutano ya tabianchi mji huu hutajwa sana, na mara nyingi habari yake husimuliwa kama hadithi ya wahandisi werevu. Mimi nadhani ni lazima ianze kwa wafuaji nguo.

*

Karibu kilomita tatu kutoka katikati ya mji wa zamani kuna bonde liitwalo Laugardalur, na katika bonde hilo palikuwa na chemchemi zilizoitwa Þvottalaugar, yaani chemchemi za kufulia. Maji yake yalitoka ardhini yakiwa karibu ya kuchemka. Katika karne ya 19, mtu wa Reykjavík aliyetaka kufua nguo nyingi alikuwa na njia mbili: kuchoma kuni au makaa, vitu adimu katika kisiwa kisicho na misitu ya maana, au kumtuma mwanamke bondeni.

Akatumwa mwanamke. Wengi wao walikuwa watumishi wa ndani katika nyumba za watu, na wengine waliishi kwa kufua kwa ujira. Walibeba mzigo mgongoni: furushi la nguo, beseni, ndoo, ubao wa kusugulia, sabuni, chakula cha siku nzima na chombo cha kahawa. Wakati wa baridi njia ilikuwa barafu na upepo. Jioni walirudi na mzigo ule ule, sasa ukiwa na maji ndani yake. Kila aliyewahi kubeba ndoo ya nguo mbichi kutoka kisimani anajua kwamba safari ya kurudi ndiyo yenyewe.

Kazi hiyo iliua. Ukingo wa chemchemi ulikuwa wa matope na barafu, mvuke ulifunika macho, na walikuwapo walioteleza wakatumbukia na kufa kwa kuungua. Baadaye paliwekwa vyuma vya kuwakinga. Chama cha wanawake wa mjini kilichoanzishwa mwaka 1875 kilijenga banda karibu na chemchemi ili wafuaji wapate mahali pa kujikinga na mvua na upepo. Mwaka 1885 uongozi wa mji ukaamua kutengeneza barabara ya kwenda huko, ikaitwa Laugavegur, Njia ya Chemchemi. Leo ndiyo mtaa maarufu kuliko yote wa maduka mjini Reykjavík. Mtalii anayenunua sweta la sufi hapo anatembea juu ya njia iliyochongwa kwa ajili ya migongo ya wafuaji.

Naieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu moja. Tunapozungumzia teknolojia ya nishati, huwa tunauliza nani aliivumbua. Mara chache tunauliza nani alikuwa akibeba mzigo kabla haijaja. Kwa miaka mingi Reykjavík haikuwa imekosa maji ya moto. Ilichokosa ni bomba, na mahali pa bomba palijazwa na miguu ya wanawake.

*

Jina Reykjavík maana yake ni Ghuba ya Moshi. Kwa mapokeo ya nchi hiyo, mlowezi wa kwanza, Ingólfur Arnarson, aliuona mvuke wa chemchemi ukipanda angani katika karne ya tisa akadhani ni moshi, akapaita hivyo. Miaka elfu moja baadaye jina hilo likawa kweli. Mji ulipokua, nyumba za mbao na za saruji zilichukua nafasi ya nyumba za udongo na nyasi, na kila nyumba ikawa na jiko lake. Makaa ya mawe yaliletwa kwa meli, hasa kutoka Uingereza. Picha za miaka ya 1930 zinaonyesha wingu zito jeusi likiwa limelala juu ya mapaa.

Makaa yalikuwa na ubaya mwingine, mbaya kuliko moshi: yalikuwa mali ya watu wengine. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, meli zikapungua na bei ikapanda. Kisha ukaja mwaka 1918. Mwezi Januari baridi iliingia kwa ukali ambao watu wa Aisilandi wanauita mpaka leo Baridi Kuu, kipimajoto kikashuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri mjini Reykjavík. Mwezi Oktoba mwaka huo huo mafua makali yaliyozunguka dunia yakafika bandarini. Mji ulijifunza, kwa njia ngumu, maana ya kutegemea jiko ambalo kuni zake ziko ng'ambo ya bahari wakati bahari imefungwa.

Wakati huo jibu lilikuwa limekwisha kupatikana mashambani. Mwaka 1907 mkulima mmoja wa magharibi mwa nchi alichukua mvuke wa chemchemi iliyokuwa chini ya nyumba yake, akaupitisha katika bomba la zege hadi ndani. Mwaka uliofuata mkulima mwingine, karibu na Reykjavík, akaleta maji ya chemchemi nyumbani kwake kwa bomba ili kujipasha joto. Hawa hawakuwa na shahada za uhandisi. Walikuwa na chemchemi jirani, baridi kali, na uchovu wa kulisha jiko.

Lakini mkulima ana chemchemi yake peke yake. Mji una watu maelfu na chemchemi iko kilomita tatu. Hapo ndipo suala linapotoka kwenye ufundi na kuingia kwenye siasa: nani atachimba, nani atalipa, na bomba litaanzia kwa nani?

*

Mtambo uliochoronga ardhi ya Þvottalaugar ulikuwa umenunuliwa kwa ajili ya ndoto nyingine kabisa. Mwaka 1905, watu waliokuwa wakitafuta maji ya kunywa katika kinamasi cha Vatnsmýri, pembezoni mwa mji, waliamini wameona dhahabu. Habari ikawasha mji mzima. Miaka ya 1920 ukaletwa mtambo wa kuchoronga ili kuifuata dhahabu hiyo. Dhahabu ya maana haikupatikana. Mwaka 1928 mtambo huo huo ukapelekwa kwenye chemchemi za wafuaji.

Visima 14 vilichorongwa, kirefu kuliko vyote kikishuka mita 246. Kwa pamoja vilitoa lita 14 za maji kwa sekunde, yakiwa na joto la nyuzi 87. Kwa viwango vya leo ni kiasi kidogo. Kwa mji uliokuwa ukihesabu makaa kwa ndoo, ilikuwa dhahabu yenyewe.

Mwaka 1930 bomba la kilomita tatu lilikamilika, likifuata upande ule ule waliotembea wafuaji, ila sasa maji ndiyo yaliyokuja mjini. Tazama liliko pelekwa. Jengo la kwanza kupata joto lilikuwa shule mpya ya msingi upande wa mashariki wa mji, Austurbæjarskóli. Kwa jumla bomba hilo lilikuja kuhudumia shule mbili za msingi, hospitali kuu, ukumbi wa kuogelea na nyumba zipatazo 60. Mji uliokuwa na uhaba wa joto uliamua kuwapasha kwanza watoto na wagonjwa. Pengine sababu ilikuwa rahisi tu: majengo makubwa ya umma ni mteja mmoja mwenye uhakika, na bomba fupi linatosha. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba raia wa kawaida aliona mfumo ukifanya kazi shuleni kwa mtoto wake kabla hajaombwa kuuamini nyumbani kwake.

Lita 14 hazikuweza kuutosheleza mji. Wakatafuta maji zaidi, wakayapata Reykir, katika wilaya ya Mosfellssveit, umbali wa kilomita kama 18. Mradi ulianza mwaka 1939 kwa mkandarasi kutoka Denmark. Hesabu zilipigwa vizuri, historia haikuulizwa. Tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Denmark, na vifaa vilivyokuwa vikisubiri meli vikabaki huko. Mwezi uliofuata majeshi ya Uingereza yakatua Reykjavík. Mitaro ilikuwa imechimbwa, mabomba hayapo. Ilibidi vifaa vitafutwe upya, safari hii Marekani, na vivuke bahari iliyojaa manowari.

Mwishoni mwa mwaka 1943 maji ya Reykir yalifika mjini. Yalisukumwa hadi kwenye matangi makubwa juu ya kilima cha Öskjuhlíð, kisha yakateremka yenyewe kwa mteremko kuelekea majumbani. Hiyo ndiyo siri ya mfumo mzima, na haina uchawi: chanzo cha joto, bomba lililofungwa vizuri lisivujishe joto, tangi la juu la kuhifadhi, na mtaa mzima kuunganishwa kwa pamoja. Ukiunganisha nyumba moja, ni hasara. Ukiunganisha elfu, gharama ya kila mmoja inashuka. Kufikia mwaka 1945 nyumba zaidi ya 2,850 zilikuwa zimeunganishwa, katika mji wa watu wapatao 45,000. Wingu jeusi juu ya mapaa likaanza kupungua.

Wakati huo hakuna aliyezungumzia hewa ya ukaa. Watu wa Reykjavík hawakuwa wakiokoa dunia. Walikuwa wamechoka na bei, na moshi, na kungoja meli.

*

Kama hadithi ingeishia hapa, ingekuwa hadithi nzuri na ya uongo. Baada ya vita, mafuta yalikuwa rahisi. Mji ulitanuka, vitongoji vipya vikajengwa, na nyumba nyingi za nchi hiyo zikafungwa majiko ya mafuta badala ya kungoja bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu nusu ya nyumba za Aisilandi zilikuwa zikipashwa kwa mafuta, huku maji ya moto yakitiririka chini ya ardhi ile ile. Kuwa na teknolojia si sawa na kuitumia. Bei rahisi ya leo hushinda hekima ya jana.

Oktoba 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta duniani. Serikali ya Aisilandi ikafanya uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko mtambo wowote: ikakubali kubeba hatari ya kuchimba. Kisima cha jotoardhi ni kamari. Unaweza kuchoronga mita elfu moja ukakuta mwamba mkavu. Mji mdogo ukipata kisima kikavu kimoja unafilisika. Kwa hiyo mfuko wa nishati wa taifa ulikopesha fedha za uchimbaji, na kisima kikishindwa, deni lilisamehewa. Vijiji vikathubutu. Kopavogur, Hafnarfjörður na miji mingine jirani ikaunganishwa na mtandao wa Reykjavík. Ndani ya miaka kumi na kitu jiko la mafuta likawa kitu cha kusimulia.

Ardhi nayo ilidai haki yake. Kadiri visima vya Reykir vilivyopigwa pampu, kiwango cha maji chini ya ardhi kilishuka mwaka hadi mwaka. Maji ya moto si bahari isiyokauka. Ni akaunti ya benki, na ukitoa haraka kuliko inavyojazwa utaona mwisho wake. Nafuu ilikuja mwaka 1990, ulipoanza mtambo wa Nesjavellir. Huko mvuke ni mkali na una madini yanayokula vyuma, kwa hiyo hautumwi mjini wenyewe: unapasha maji safi ya baridi, na hayo ndiyo yanayosafiri kilomita 27 hadi Reykjavík, yakipoteza joto pungufu ya nyuzi 2 njiani. Visima vya zamani vikapumzishwa, na maji yakaanza kupanda tena.

Hata hivyo nishati hii si malaika. Mvuke wa kina kirefu hutoka na gesi ya salfa inayonuka kama yai bovu, na hewa ya ukaa pia, ingawa kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na makaa. Katika mtambo wa Hellisheiði gesi hizo sasa huyeyushwa katika maji na kurudishwa chini, kwenye mwamba wa basalti, ambako hewa ya ukaa hugeuka jiwe ndani ya muda mfupi usiofika hata miaka miwili. Na tarehe 8 Februari 2024, volkano ya rasi ya Reykjanes ilimwaga lava juu ya bomba kuu la maji ya moto. Zaidi ya watu 20,000 walikosa joto katikati ya majira ya baridi. Mtaa ulioungana kwenye bomba moja hupata joto pamoja, na hupoa pamoja.

*

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuuliza: haya yananihusu nini mimi ninayetafuta feni? Swali ni la haki. Hatuhitaji vyuma vya joto ukutani. Lakini uhusiano wetu na kisiwa hicho ni wa kweli, na una umri wa miaka mingi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kuanzia mwaka 1979 Aisilandi imekuwa na chuo cha kufundisha wataalamu wa jotoardhi kutoka nchi zinazoendelea, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wanafunzi wengi zaidi. Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, visima vya kwanza vilichorongwa miaka ya 1950. Mtambo wa kwanza wa umeme ukawashwa mwaka 1981. Leo jotoardhi huipa Kenya karibu asilimia 40 ya umeme wake. Mkenya anayewasha taa Kisumu huenda anatumia mvuke uliopimwa na mtu aliyejifunza kazi hiyo kwenye theluji.

Matumizi ya joto lenyewe, bila kuligeuza umeme, nayo hatukufundishwa na mtu. Huko Eburru, juu ya Naivasha, watu hukinga mvuke wa ardhini kwa mabomba, ukipoa unakuwa maji ya kunywa. Na mvuke huo huo umetumika kukaushia pareto tangu zama za ukoloni. Ni wazo lile lile la mkulima wa 1907. Chini yake, mashamba makubwa ya maua yamepasha vibanda vyao vya kuoteshea kwa joto la kisima. Joto hilo linaweza kukausha mahindi, kutibu maziwa, na hata kuendesha mitambo ya kupoza majengo, kwa kuwa ipo mitambo inayotengeneza baridi kwa kutumia joto badala ya umeme.

Ila kuna jambo ambalo Reykjavík ilijibu mwaka 1930 nasi bado tunalijadili: bomba linaanzia kwa nani? Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, zikapelekwa makazi mapya. Baadhi yao walipeleka malalamiko Benki ya Dunia, na ikabidi pande zote zikae kwenye meza ya usuluhishi. Ua lililopata joto la ardhi hiyo husafiri kwa ndege hadi Ulaya. Aliyelala juu ya ardhi hiyo tangu babu yake ana haki ya kuuliza amepata nini.

Na mijini kwetu mzigo bado unabebwa. Sasa ni gunia la mkaa kwenye baiskeli, ni moshi wa jikoni machoni mwa mama, ni dumu la maji kwenye ngazi za ghorofa ambako pampu haifanyi kazi. Tunapoletewa mipango ya miji ya kisasa yenye nishati safi, michoro huwa na vioo na miti ya kijani, na watu wembamba wakitembea. Mimi huwatafuta wabeba mizigo kwenye michoro hiyo. Nikiwakosa, nashuku kwamba mzigo haukuondolewa, umefichwa tu.

Bonde la Laugardalur leo ni bustani. Kuta za mawe zilizozunguka chemchemi zipo bado, na karibu yake kuna sanamu ya mfuaji nguo, kazi ya mchongaji Ásmundur Sveinsson: mwanamke mnene wa umbo, ameinama juu ya kazi yake. Maji hayachemki tena hapo kama zamani. Yanachukuliwa na visima. Sehemu ya maji hayo, yakiisha kupasha nyumba na kubaki vuguvugu, hupitishwa katika mabomba chini ya njia za miguu ili kuyeyusha theluji, na Laugavegur ni mojawapo ya mitaa iliyotandikiwa mabomba hayo. Mtu akipita hapo mwezi Januari, njia ni kavu na hatelezi.